Waje Wangapi, na Waje Akina Nani

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike namna kazi ilivyokuwa, kwa kuwa kiti changu hakijapata mtu na huenda kisipate. Nimekaa na ombi lenu tangu theluji ianze kuyeyuka. Naandika jikoni kwangu hapa Saint Paul, chai imepoa, na nawaomba radhi mapema: kama mnatafuta namna ya kupanda cheo, mmeuliza mtu asiyejua. Mimi ninachojua ni viti, vipaza sauti, na watu waliokasirika kwa adabu.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa mikutano ya maoni. Kila mwaka serikali ya taifa hupanga idadi ya wakimbizi watakaoruhusiwa kuingia nchini, na huwagawa kwa makundi: wa bara hili na wa bara lile, wanaowafuata jamaa zao na wasio na jamaa. Kabla ya hapo, mashirika yanayowapokea hutakiwa kukaa na watu wa mahali. Huja walimu, wauguzi, wenye nyumba za kupangisha, watu wa kanisa na wa msikiti, na jirani yeyote mwenye la kusema. Waje wangapi? Waje akina nani? Yanayosemwa huandikwa na kupelekwa juu. Huko juu hufanyika kinachofanyika.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi nilivyonunua Kigoma nikiwa bado msichana wa shule. Nilikuwa nimemaliza masomo ya chuo hapa hapa mjini, na shirika lilitaka mkalimani wa Kiswahili anayejua pia Kiha na Kirundi kidogo. Mkutano ulikuwa chini ya kanisa moja, katika ukumbi wenye dari fupi na harufu ya kahawa. Aliyenipokea ni Lois, mama wa hapa Minnesota, mrefu, mwenye sweta la kijani ambalo niliendelea kuliona miaka mingi baadaye hata nikalizoea kama jamaa. Alitazama viatu vyangu, hakusema kitu, akatoka. Alirudi na buti za theluji za mtu mwingine. Mpaka leo sijui alimvua nani.

"Jina lako nani?" aliniuliza.

"Skolastika."

Alijaribu mara mbili. "Nikikuita Skola utakasirika?"

"Nyumbani pia huniita Skola."

"Basi njoo, Skola, tupange viti."

Alinifundisha kazi kwa viti. Safu zilizonyooka, alisema, huwafanya watu wadhani wako mahakamani, nao huja na hukumu mkononi. Alitaka viti vipangwe kwa nusu duara, na njia pana katikati, kwa sababu mtu mwenye hasira akibanwa kutoka humalizia hasira yake kwa jirani. Kipaza sauti kiwe juu ya mlingoti, maana kikishikwa mkononi hakirudi. Kahawa itolewe kabla ya maneno. Vifaa vya masikioni vya kusikilizia tafsiri vijaribiwe kimoja kimoja, na betri za akiba zikae mfukoni mwako, zisikae kwenye sanduku, kwani ufunguo wa sanduku daima yuko nao mtu aliyekwenda kuegesha gari.

Alinifundisha pia lugha ya wenyeji, ambayo haimo katika kamusi. Watu wa hapa hawapendi kukataa usoni. Akikwambia, "Hilo ni wazo la kuvutia," jua limekufa. Akisema, "Hilo ni tofauti kidogo," jua limekufa na limezikwa. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa natafsiri maneno hayo kama yalivyo, na wazee wa Kikongo na Kirundi waliokuwa wakinisikiliza walikwenda nyumbani wakifurahi. Lois aliponieleza, nilianza kutafsiri maana. Furaha ilipungua, lakini watu walianza kuuliza maswali yenye faida.

Mtu mgumu kuliko wote niliokutana nao aliitwa Dale. Alikuwa fundi wa mapaa aliyestaafu, mkazi wa Apple Valley, mwenye mabega mapana na kofia asiyoivua. Mara ya kwanza alisimama katika mkutano tuliofanya maktaba ya huko, akasema, "Kila mwaka mnatuuliza tunaweza kupokea wangapi. Hakuna anayeniambia wangapi watatosha. Mnipe namba, kisha nitawaambia kama naipenda."

Hapakuwa na mtu mwenye namba. Wakubwa wetu walieleza utaratibu. Dale aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa pembeni na kifaa changu cha tafsiri.

"Na wewe dada, ulikuja katika namba ipi?"

Ningeweza kukaa kimya, mkalimani haulizwi. Lakini swali lilikuwa la haki. Nikamwambia nilikuja kama mwanafunzi, kwa hiyo nilihesabiwa mahali pengine. Nikamwambia pia kwamba kwetu Kasulu, nilipokuwa mtoto, Warundi walivuka mpaka wakiwa na magodoro vichwani, na hakuna aliyetuitia mkutano. Mama yangu alichemsha maharage. Baadhi ya majirani walinung'unika, na wengine walikuwa na sababu, maana kuni ziliisha karibu na kijiji na visima vikapungua. Wangependa mno kuulizwa.

Dale alivuta kiti chake. "Basi angalau huyu anajua ninachosema," akasema, akaketi.

Tangu siku hiyo hakukosa mkutano. Alipinga kila mwaka, kwa sauti ile ile, kisha akatusaidia kukunja viti. Mwenzangu Mwangi, Mkenya aliyekuwa akiendesha gari letu la vifaa na kutafsiri pia, alikuwa akimwona tu anaingia na kuninong'oneza, "Mathe, customer wetu ame-arrive." Mwangi alikuwa ametuzidi sote kwa kuona mbali. "Hii job ita-ku-drain," aliniambia. "Watu wanaongea, namba inatoka Washington. Sisi tuna-arrange viti tu." Baadaye alikwenda kusomea uuguzi, na sasa yuko hospitali, ambako anasema mgonjwa akilalamika angalau unaweza kumpa dawa.

Nimefika kwa Mama Nabintu. Ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, mjane, aliyekaa kambini mkoani kwetu Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa na wanawe wawili wadogo. Alipanga chumba na sebule Columbia Heights, akapata kazi ya usafi katika hospitali moja Saint Paul, na kila asubuhi alipanda mabasi mawili. Alikuwa na mtoto wa kwanza, Riziki, aliyebaki nyuma. Wakati familia ilipoitwa kwenye usaili, Riziki alikuwa amevuka ziwa kumuuguza bibi yake. Wakaambiwa wasichelewe kwa ajili yake. Mtoto ana haki ya kumfuata mzazi, atakuja baadaye. Mama Nabintu aliomba aletwe mara tu alipofika. Baadaye ile ikawa miaka.

Kundi hilo la watoto wanaowafuata wazazi lina sharti ambalo wengi hawalijui mpaka liwaume. Mtoto lazima awe hajaoa wala kuolewa mpaka siku anapoingia. Akiolewa, kundi lake linafutika. Riziki alirudi kambini, akaondoka utotoni akingoja, akawa msichana, akawa mwanamke, na mama yake akimpigia simu kila Jumapili kumwambia asubiri.

Ukafika mwaka ambao Washington ilidai kila kaunti itoe ridhaa yake kwanza kabla ya kupokea mkimbizi yeyote. Pasipo na ridhaa, hakuna anayekuja. Haikuwa mikutano ya kahawa tena. Ilikuwa madiwani juu ya jukwaa, kamera za televisheni, na watu waliosimama hadi kwenye ngazi. Sitaitaja kaunti, mliokuwepo mnaijua. Kila msemaji alipewa dakika mbili, na mbele yake palikuwa na taa za kijani, njano na nyekundu, kama za barabarani.

Mama Nabintu alinifuata siku chache kabla. "Dada Skola, mi nataka kusema kule."

"Hulazimiki, mama. Kuna watu watakaokuzomea."

"Banizomee. Mi nilizomewa na bunduki."

Nilikwenda kwa mwenyekiti kumwomba muda wa tafsiri usihesabiwe ndani ya dakika zake, kwa kuwa mtu anayetafsiriwa hupata nusu tu. Alinisikiliza vizuri. Alisema hilo ni wazo la kuvutia.

Siku yenyewe alivaa kitenge cha bluu na koti la msimu wa baridi alilokataa kulivua. Tulisimama bega kwa bega. Alianza kwa kushukuru, nami moyoni nikamwomba aache shukrani aende kwenye neno lenyewe, kwa sababu taa haijui adabu. Akaeleza kambi, akaeleza ugonjwa wa bibi. Taa ilikuwa njano alipofika kwa Riziki.

"Mutoto wangu amepata muchumba," alisema. "Kijana muzuri, fundi wa baiskeli. Banataka kuoana, lakini dosye yake, zile karatasi za kuya huku, inakataza..."

Taa ikawa nyekundu. Mwenyekiti akamshukuru na kuita jina lililofuata.

Jina lililofuata lilikuwa la Dale.

Alikuja taratibu, kofia kichwani, akasimama nyuma yetu. "Nafasi yangu mpeni huyu mama," akasema.

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. "Bwana, wewe umejiandikisha kupinga."

"Najua nilivyojiandikisha, na bado napinga. Lakini sentensi yake haijaisha, nami nataka kusikia inaishia wapi."

Nyuma watu wengine walicheka, na mmoja akamfokea kwamba amewasaliti. Dale hakugeuka. Mwenyekiti alinong'onezana na mwanasheria wa kaunti, kisha taa ikarudi kijani. Nilimweleza Mama Nabintu kilichotokea. Alimwangalia yule mzee kwa mshangao, akainamisha kichwa kidogo, na safari hii hakushukuru mtu.

"Kila juma ninamuambia mutoto: ngoja. Muchumba yake naye anamuambia: nimechoka kungoja. Sasa ninyi bakubwa, kama munasema hapana, muniambie leo, nimupigie simu aolewe. Kama munasema ndiyo, muniambie lini. Mi siombi ingine. Naomba tu kujua nimuambie nini mutoto."

Nilitafsiri neno kwa neno. Diwani mmoja mwanamke alivua miwani akaifuta. Hakuna aliyemjibu. Si kwamba walikuwa wabaya. Jibu halikuwa lao. Walipiga kura, na ridhaa ikapita kwa tofauti ya kura moja. Watu walikumbatiana, wengine wakatoka wakisonya. Mama Nabintu aliniuliza, "Bamesema lini?" Nikamwambia hawajasema.

Nje Dale alikuwa akisugua barafu kwenye kioo cha gari lake. "Aliuliza swali zuri," aliniambia bila kuacha kazi yake. "Hamkumjibu."

"Na nyinyi pia hamkumjibu," nikasema.

"Ni kweli," akasema.

Haukupita muda mahakama ikalisimamisha lile sharti la ridhaa, kwa hiyo kura ile iliyotugharimu usingizi haikuwa na kazi tena. Wakati huo huo idadi ya taifa ilishushwa chini kuliko nilivyowahi kuona, na ndege zenyewe zikasimama kwa ajili ya ugonjwa ulioenea duniani. Nilianza kuchoka mwaka ule, uchovu wa aina ambayo likizo haiuondoi. Mwanangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini nisiache kazi. Nikamwambia betri za akiba ziko mfukoni mwangu. Hakuelewa, na mimi sikuwa na maelezo bora.

Jumamosi moja Mama Nabintu alinipigia. "Dada Skola, usiniambie mambo ya ofisi. Niambie vile unajua. Akingoja, atakuya?"

Nilimwambia ninavyojua: sheria ni ile ile, akiolewa kundi lake linafutika, na kama akisubiri, sijui atasubiri hadi lini, wala sijui mtu anayejua.

Nilisikia televisheni ya watoto nyuma yake. "Basi nitamuambia aolewe," akasema. "Namba yabo ingoje yenyewe."

Harusi tuliitazama kwenye simu, imeegemezwa kwenye chupa ya maji juu ya meza ya Columbia Heights. Kule ilikuwa mchana, kwetu alfajiri, na kina mama wa Kikongo walikuwa wamekwisha kupika fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki kabla jua halijatoka. Waliocheza sebuleni walimtingishia jirani wa chini dari yake mpaka akapanda kulalamika, akapewa sahani, akakaa. Riziki alionekana mdogo sana kwenye kioo. Mama yake aliimba kwa nguvu, na wimbo ulipoisha alikwenda bafuni akafunga mlango, nasi tukaendelea kuimba ili apate faragha.

Ilikuja habari wakati Riziki amekwisha kujifungua. Idadi ya taifa ilikuwa imepandishwa, majalada yakaanza kusogea, na lake likaitwa. Mama Nabintu alikuja ofisini akiwa na mjomba mmoja wa jamii yao, mtu mwenye nia njema, aliyesema jambo ni rahisi: harusi ilikuwa ya kambini, nani ataijua? Riziki aseme hajaolewa, aje kwanza, mume na mtoto watafuata. Nilitoka chumbani, kwa sababu yapo mambo ambayo mtu wa ofisi hapaswi kuyasikia. Lakini mlango ulikuwa wa ubao mwembamba, nikasikia yote. Walimpigia Riziki, wakaweka sauti kubwa.

"Nimukatae bwana yangu?" Riziki aliuliza. "Na huyu mutoto niseme ni wa nani?"

Mjomba alieleza tena, polepole.

"Hapana, mjomba. Mama aliniambia niolewe, niliolewa. Siwezi kuolewa na kutoolewa."

Kwenye usaili alisema kweli, na jalada likafungwa. Waliandikishwa upya kama familia yao wenyewe, nyuma ya foleni, katika kundi lingine. Kisha mlango wote wa wakimbizi kuingia nchini ukafungwa, kwao na kwa wengine, na sasa hivi nyinyi mliobaki mnajua zaidi yangu kama kuna ufa.

Mkutano wangu wa mwisho ulifanyika msimu huu wa baridi uliopita. Mtanikumbuka nikipanga viti vingi kuliko waliokuja. Maafisa wa uhamiaji walikuwa wakikamata watu mitaani, na watu waliogopa kutoka nyumbani, hata wenye karatasi zote. Mwalimu mmoja alisema nusu ya darasa lake ilikuwa haipo. Dale alikuja na mkongojo. Alisimama, akasema kwamba amepinga miaka yote kwa sababu alidhani anabishana na mtu, na sasa haoni anabishana na nani. Kisha akaketi. Niliyaandika kama yalivyo. Sijui yalipelekwa wapi.

Mama Nabintu hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuwa raia, akakusanya likizo zake zote za hospitali, akaenda Kigoma kumwona mwanawe na mjukuu, baada ya kupata kibali cha kuingia kambini. Wiki niliyoacha kazi na kukabidhi ufunguo wa ofisi alinipigia kutoka huko. Mtandao ulikuwa unakatika, jogoo anawika, mtoto analia. "Dada Skola, ongea na Riziki," akasema, na kabla sijajiandaa sauti nyingine ikawa kwenye simu.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimemtaja mwanamke huyu mbele ya madiwani, nimemwandika katika taarifa, nimecheza kwenye harusi yake, lakini hatukuwahi kuzungumza.

"Shikamoo, mama," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha shule za kambini.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anaota meno. Mama ameniambia kazi yako. Kwamba mlikuwa mnawauliza watu wa huko kama wanatutaka, na wangapi."

"Ndiyo, tulikuwa tunawauliza."

"Sisi huku hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuja."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau mwavuli. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Katika miaka yote ile, kwenye kumbi zote zile, swali hilo halikuwahi kuwekwa mezani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa meza.

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Ungeulizwa, ungesema nini?"

Mtandao ukakatika kidogo, nikadhani amekwenda. Kisha nikamsikia akimhamisha mtoto bega.

"Ningesema nataka kukaa na mama. Popote. Huko, hapa, hata Kongo pakitulia. Amerika sikuiomba mimi. Nilimwomba mama."

Niliinua kalamu iliyokuwa mezani, kwa mazoea, nikairudisha. Nikamuuliza mama yake anaondoka lini.

"Alhamisi."

Basi nikamwambia akate simu, akakae na mama yake.